Fonti nene ya brashi: anza na neno lako, fonti itafuata

Watu wengi wakitaka kutumia fonti ya brashi, zile nene zinazoonekana kama mtu kachovya brashi kwenye rangi akaandika kwa mkupuo mmoja, wanaanza kwa kuzunguka mtandaoni kucheki picha za fonti, wanaona moja imeandikwa jina lake kubwa, limepinda vizuri, lina mkia mrefu chini, wanasema hii hii, wanashusha, wanafungua programu, wanaandika neno lao, alafu linatoka limekaa ovyo na hawajui kwa nini. Fonti ni ileile. Kilichobadilika ni neno. Aliyeitengeneza alichagua jina ambalo herufi zake ndo zimemtoka vizuri kuliko zote, na lile jina kalipanga mwenyewe herufi kwa herufi kabla ya kutoa ile picha. Neno lako wewe halina hizo herufi.

Kwa hiyo mimi naenda kinyume, neno kwanza, fonti baadaye. Na nikisema neno namaanisha neno kweli, moja, mawili, yakizidi sana matatu. Fonti ya namna hii ni sauti ya mtu anayeita kwa nguvu, na anayeita kwa nguvu hasemi aya nzima. Kichwa cha posta, jina kwenye logo, neno moja kwenye tisheti, maandishi ya juu kabisa kwenye bango, kava ya albamu, hapo ndo kwao. Ukishaona unataka kuandikia anwani, namba ya simu au maelezo, acha, hiyo kazi ni ya fonti nyingine na nitaifikia.

Lisome umbo la neno lako

Chukua karatasi uandike neno lako kwa mkono, herufi ndogo isipokuwa ya kwanza. Sasa usilisome, liangalie kama mchoro. Ziko wapi herufi zinazopanda juu, yaani b, d, f, h, k, l, t? Ziko wapi zinazoshuka, g, j, p, y? "Karibu" lina K kubwa mwanzoni na b iliyosimama karibu na mwisho, linapanda, linatulia, linapanda tena, hilo neno brashi inalipenda. "Hongera" lina H ya juu na g inayoning'inia katikati, tena hiyo g unaweza kuivuta mkia wake ukapita chini ya neno zima. Lakini "mwanana" ni bonde tupu, hakuna cha kupanda wala cha kushuka, yaani neno kama hilo lazima ulisaidie kwa herufi kubwa ya mwanzo yenye nguvu na mkia mwishoni, la sivyo linakuwa kamba.

Alafu kuna mtihani mmoja naupa kila fonti ya brashi kabla sijaiamini, naandika "mnunuzi". Angalia hizo herufi: m, n, u, n, u. Kwenye mwandiko wa kuungana zote zimetengenezwa na kitu kilekile, mstari mnene unaoshuka na mwembamba unaopanda, mnene, mwembamba, mnene, mwembamba. Hesabu mistari minene, m mitatu, n miwili, u miwili, n miwili, u miwili, jumla kumi na moja imesimama kwa mstari kama uzio, na jicho halijui n imeishia wapi na u imeanzia wapi. Fonti nzuri inatofautisha: n inaungana kwa juu na upinde wake unaonekana, u inaungana kwa chini na kichwa chake kiko wazi kabisa. Fonti mbovu, u ni n iliyogeuzwa tu na basi. Kiswahili kimejaa m, n, u na w, kwa hiyo huu mtihani sio wa kutafuta visingizio, ni maneno tunayoandika kila siku. Jaribu na "mwanamume" uone.

Mambo mengine mawili ya lugha yetu. Moja, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, a, e, i, o au u, na ule mkia wa kupendeza wa mwisho wa neno unatoka kwenye herufi ya mwisho. Fonti nyingi zimetengenezwa na watu ambao maneno yao yanaishia na s, t, d, n, r, kwa hiyo unakuta n ina mikia mitatu ya kuchagua na i haina hata mmoja. Cheki irabu kwanza. Mbili, irabu zinazorudiwa, "saa", "kaa", "choo", "mzee". Hakuna mkono wa binadamu unaoandika a mbili zinazofanana kabisa hadi chembe ya rangi, kwa hiyo ukiona a mbili mapacha zimekaa pamoja neno zima linasema mimi ni kompyuta. Fonti iliyotengenezwa kwa akili ina a ya pili tofauti kidogo na inaibadilisha yenyewe.

Na ng'. Ile alama ya juu inakata muungano kati ya g na herufi inayofuata, sasa kuna fonti ambazo g inabaki imenyoosha mkono hewani inatafuta mwenzake. Tumia alama iliyopinda, ’, sio ile iliyonyooka kama msumari, alafu isogeze karibu na g mpaka ikae juu ya ule mkono. Habari njema ni kwamba Kiswahili hatuna herufi zenye vidoti na vikofia, kwa hiyo karibu kila fonti ya kilatini ina herufi zetu zote.

Sasa chagua

Tafuta tano au sita, usizidishe. Tovuti ya Google Fonts inakuruhusu kuandika neno lako mwenyewe kwenye sehemu ya kujaribia kabla hujashusha chochote, itumie. Kaushan Script, Lobster, Pacifico, Yellowtail zote ziko hapo na unaanza nazo bure, ila hizo za Lobster na Pacifico zimetumika sana duniani, ukizitumia kwenye logo ujue utafanana na wengi. Panga neno lako kwa fonti zote sita, moja chini ya nyingine, urefu uleule, nyeusi kwenye nyeupe. Usiweke rangi bado, rangi inadanganya. Ondoka kwenye kiti rudi nyuma hatua tano, finya macho. Ile ambayo bado unaisoma ndo imebaki, zile nyingine futa.

Iliyobaki iangalie kwa karibu, zumu mpaka asilimia 400, nenda kwenye maungio. Hapa ndo unajua kama aliyeichora alishika brashi kweli au alikuwa anabahatisha. Brashi ikishuka mkono unaikandamiza, nywele zinatanuka, mstari unanenepa. Ikipanda mkono unalegea, mstari unakonda. Kwa hiyo unene lazima uwe sehemu ambayo mkono ungekandamiza, na ule mstari mwembamba unaotoka kwenye a uingie kwenye n kama maji, usionekane umebandikwa. Ukiona kanundu au ngazi kwenye ungio, na umeona hivyo kwenye maungio matatu tofauti, tafuta nyingine. Brashi bapa inaacha ncha zilizokatwa kwa kona, kama patasi, na inakuwa na ukali fulani. Brashi ya duara inaacha ncha laini zilizochongoka, inakuwa na upole. Neno la michezo au mashindano nalipa bapa, neno la kukaribisha nalipa duara.

Hili la maungio lina historia yake na mimi linanigusa. Zamani kila herufi ilikuwa kipande cha risasi cha peke yake, fundi anavipanga kimoja kimoja, sasa utafanyaje vipande vya chuma vionekane kama mwandiko wa mkono usiokatika? Robert E. Smith alifanya hivyo mwaka 1942 kwa kiwanda cha American Type Founders huko Marekani, akachora Brush Script, mkono wa kila herufi unatoka na kuingia kwa namna ambayo vikikaa pamoja vinashikana. Ndo ileile ambayo baadae ilikuja kwenye kompyuta nyingi pamoja na Microsoft Office kwa jina la Brush Script MT. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoa Mistral, kaitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe, na mwaka 1955 akatoa Choc ambayo ni nene kwelikweli imejaa wino. Wote hao walikuwa na umbo moja tu la kila herufi la kushikana na majirani wote. Pablo Impallari alipotoa Lobster mwaka 2010 alienda njia nyingine, badala ya kuilazimisha herufi moja ipatane na kila mtu, akachora matoleo mengi ya herufi na jozi nyingi zilizoungana, kompyuta inachagua linalofaa. Fonti nyingi nzuri za brashi za sasa zinafanya hivyo, na ndo maana hatua inayofuata usiiruke.

Washa vilivyofichwa

Fonti ya OpenType, yaani aina ya faili la fonti linaloweza kubeba maumbo mengi ya herufi moja, inaweza kuja na maumbo ya akiba, mikia, herufi mbadala, jozi zilizoungana, lakini programu yako inaweza kuwa haijawasha hata moja na wewe unailaumu fonti. Kwenye Word, bonyeza Ctrl+D, nenda Advanced, kwenye Ligatures chagua Standard Only alafu weka tiki kwenye Use Contextual Alternates. Kwenye Illustrator fungua paneli ya OpenType, na ile ya Glyphs ambayo inakuonyesha kila umbo lililomo, unabonyeza tu unaloitaka. Inkscape nayo ina sehemu ya Features ndani ya kisanduku cha maandishi. Programu nyingi ndogo za simu hazikupi hivi vitu, kwa hiyo kama kazi ni ya maana ifanyie kwenye kompyuta.

Ukishawasha usishikwe na tamaa. Mkia mmoja kwa neno unatosha. Ukiweka mkia kwenye K, mwingine kwenye b, mwingine kwenye u ya mwisho, hakuna anayesoma "Karibu" tena, wanaona minyoo. Mimi nachagua sehemu moja, mara nyingi ya mwisho, ile u inatoka inapita chini ya neno inarudi kushoto, na inaishia chini ya herufi ya pili, sio chini ya ya kwanza, kwa sababu ikifika hadi mwanzo inakuwa kama umepiga mstari kwa rula.

Vitu vitatu vinavyoua hii fonti

Herufi kubwa tupu. KARIBU kwa fonti ya brashi ya kuungana ni herufi sita kila moja inataka kuwa ya kwanza. Herufi kubwa za mwandiko zimechorwa kuanzisha neno, hazijachorwa kukaa pamoja, hazina mikono ya kushikana. Kama mteja anataka kubwa tupu, mtafutie fonti ya brashi isiyoungana iliyotengenezwa kwa herufi kubwa, zipo na ni nzuri, lakini hii usiilazimishe. Nimeona mabango ya pesa nyingi, karatasi nzuri, rangi nzuri, na neno halisomeki kwa sababu mtu aliacha Caps Lock.

Cha pili ni kutanua nafasi kati ya herufi. Kwenye fonti za kawaida ukitanua kidogo unapata hewa, kwenye hii unakata mikono, kila ungio linaachia ufa mdogo mweupe na neno linakuwa kama mnyororo uliokatika. Acha sifuri. Kama jozi fulani imeachana, mfano herufi kubwa na ndogo inayofuata, sogeza hiyo jozi tu peke yake.

Cha tatu, kitufe cha B. Fonti hizi nyingi zina unene mmoja tu, ukibonyeza B kompyuta inatunga unene wa uongo, inavimbisha kila upande sawasawa, ile mistari myembamba inanenepa na matundu ya a na e yanaziba. Ukitaka nene zaidi tafuta fonti nene zaidi. Na kitufe cha kulaza pia, herufi zenyewe tayari zimelala, ukilaza tena zinaanguka.

Saizi, umbali na kinachokaa nyuma

Mafundi wa mabango wana kipimo cha kukadiria, herufi ya urefu wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Ukisomwa kutoka mita 30 unataka sentimita 25. Kwenye fonti ya brashi usipime K, pima a. Herufi ndogo ndo nyingi na ndo zinabeba neno, na kwenye fonti nyingi za aina hii mwili wa a ni kama nusu ya herufi kubwa au hata chini ya hapo. Yaani a ikiwa sentimita 25, K inaweza kufika sentimita 50 na bango lako linataka nafasi ambayo hukuipanga. Jua hilo mapema.

Kwa upande wa chini, saizi ndogo kabisa inayofaa ni ipi? Angalia tundu la e. Siku zote e ndo inaziba kwanza. Punguza saizi mpaka tundu la e lianze kupotea, alafu rudi juu kidogo, hapo ndo mwisho wako. Zile fonti zenye mikwaruzo, kama brashi iliyokaukiwa rangi, mwisho wake uko juu zaidi, kwa sababu mikwaruzo ikiwa midogo inakuwa uchafu, mtu anadhani printa imeharibika.

Bakgraundi iwe tulivu. Ukiweka neno juu ya picha yenye majani, watu, madirisha, mistari minene itabaki ila ile myembamba ya kuungana itamezwa, na neno linakatika vipandevipande. Tafuta sehemu ya picha iliyo wazi, anga au ukuta, au weka doa la rangi nyuma. Kwa skrini mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya herufi na bakgraundi, ya angalau 3:1 kwa maandishi makubwa, mimi kwa brashi sikubali chini ya 4.5:1 kwa sababu ya hiyo mistari myembamba. Ukitaka kuweka mstari wa rangi kuzunguka neno, uweke nyuma ya herufi sio juu yake, na kona zake ziwe za duara, maana zile ncha zilizochongoka ukiacha kona kali zinatoa miiba mirefu huku na huku.

Mlalo wa kupanda

Neno la brashi linapendeza likipanda kidogo kuelekea kulia, kama digrii 5 hadi 8 hivi. Wengi wanazungusha neno zima na ndo linaonekana kama picha imetundikwa vibaya, kwa sababu mistari iliyokuwa inasimama nayo imezunguka ikaanguka nyuma. Badala ya kuzungusha, tumia Skew, ile amri ya kuinamisha umbo, kwa wima, upande wa kulia unapanda juu ila mistari ya kusimama inabaki na mwelekeo wake uleule. Ni tofauti ndogo ukiielezea kwa maneno, ila ukiziweka mbili pembeni hutarudi kwenye kuzungusha.

Mwenzake

Hii fonti haikai peke yake, kuna maneno mengine ya kuandika, tarehe, mahali, saa. Mpe mwenzake mtulivu kabisa, fonti iliyonyooka isiyo na mapambo, hapo sasa herufi kubwa tupu ruksa, ndogo, zimetanuliwa kidogo. Tofauti ya saizi iwe kubwa kwelikweli, brashi mara nne au tano ya mwenzake, kwa sababu vikikaribiana saizi vinagombana. Usiweke mwandiko mwingine wowote pembeni, hata ule mwembamba wa kalamu. Na mara nyingi naikalisha ile mistari midogo ndani ya shimo ambalo neno limeacha, kwa mfano chini ya "Karibu" upande wa kulia baada ya mkia kugeuka, inakuwa kama imezaliwa hapo.

Kabla ya kupeleka kwa fundi

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu kosa hili linagharimu. Herufi za kuungana haziungani kweli, zinapandana. Mkono wa a unaingia juu ya mwili wa n, vyote ni vyeusi kwa hiyo wewe unaona kitu kimoja, lakini ndani ya faili ni maumbo mawili moja juu ya lingine.

Niliwahi kutengeneza neno la kubandika kwenye mlango wa kioo, stika nyeupe ya kukatwa na mashine, upana kama mita moja. Kwenye skrini safi kabisa. Nikabadilisha maandishi kuwa maumbo nikapeleka. Mashine ya kukata haioni nyeusi, inafuata kingo, na ilifuata kingo za kila herufi mpaka ndani ya zile sehemu zilizopandana, kwa hiyo kila ungio lilikuwa na kipande kidogo kama jani kimekatwa pande zote. Hakuna aliyegundua mpaka tulipoanza kubandua ile karatasi ya juu, vile vijani vikabaki kwenye karatasi, na kwenye kioo kukawa na tundu katika kila ungio. Neno zima la kuungana, halijaungana hata sehemu moja. Tulibandua yote tukaanza upya, na mwenye mlango alikuwa amesimama pale anatusubiri.

Dawa yake ni dakika moja. Kwenye Inkscape chagua maandishi, bonyeza Ctrl+Shift+C yawe maumbo, Ctrl+Shift+G kutoa kwenye kundi, alafu Ctrl na alama ya kujumlisha kuviunganisha viwe kitu kimoja. Kwenye Illustrator ni Create Outlines kwa Ctrl+Shift+O alafu Unite kwenye paneli ya Pathfinder. Ukimaliza ondoa rangi ya ndani uache mstari mwembamba tu wa nje. Ukiona mstari wowote unakatiza ndani ya neno, bado. Ukiona ukingo mmoja unaozunguka neno zima na matundu ya a, e, o, b peke yake ndani, imekaa. Nukta ya i itakuwa peke yake na hiyo ni sawa. Ukaguzi huohuo unakusaidia kama unataka neno liwe na rangi ya kuona nyuma, maana bila kuunganisha kila ungio linakuwa na doa jeusi zaidi.

Kabla hujaunganisha hifadhi nakala ya faili yenye maandishi ya kawaida, kwa sababu mteja atabadilisha neno, hilo sio la kubahatisha, na ukishaunganisha huwezi kurudi kuandika. Na kama fonti ni ya mikwaruzo mwambie fundi wa kukata stika mapema, ile mikwaruzo ni mamia ya vipande vidogo na mashine inaweza kuvibandua badala ya kuvikata. Kwa kukata tumia ile safi, mikwaruzo iache kwa kuprinti.

Kwa tovuti ni mambo machache. Weka letter-spacing iwe 0, tena sio kwa ajili ya mianya tu, brauza ikikuta umetanua herufi inaacha na kutumia zile jozi zilizoungana. Mikia haiwaki yenyewe, unaiwasha kwa font-feature-settings na "swsh" kama fonti inayo. Acha nafasi ya kutosha juu na chini ya mstari maana mikia inakatwa na boksi. Kama ni logo tu, weka SVG, yaani faili la mchoro wa maumbo, uachane na kupakia fonti nzima kwa neno moja.

Leseni: soma. Fonti ya bure kwa matumizi binafsi sio bure kwa kazi ya kulipwa, na fonti nyingi za brashi zinazozagaa mtandaoni ziko hivyo, neno moja dogo limeandikwa kwenye faili la maelezo ndani ya zip. Zenye leseni ya SIL Open Font License unaweza kuzitumia kwenye kazi ya biashara bila shida, kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Ukimaliza yote printi neno kwenye A4, hata kama mwisho wake ni bango la mita tatu, bandika ukutani, lala nalo. Asubuhi mwite mtu ambaye hajaliona, usimwambie kitu, muulize tu pale pameandikwa nini. Akisoma bila kusita peleka kwa fundi. Akisita, muulize amesitia herufi gani, alafu fungua paneli ya Glyphs uibadilishe hiyo herufi tu, printi tena.